Kuku wa Dohani

Puy-Chabrol, 16 Septemba 1984

Kwako mpwa wangu Josiane,

Pokea salamu kutoka huku tulikozaliwa sote. Mimi mjomba wako ni mzima, na ningekuwa mzima zaidi ya hapa majirani wangenishtaki. Mama yako naye hajambo. Goti la kushoto linamsumbua anapopanda ngazi za mnara, lakini anazipanda mara kumi kwa siku na mashuka mikononi, na miaka yake sitini na minne. Paka amezaa wanne. Meya ameng'olewa jino na sasa anahutubia kwa upande mmoja wa mdomo. Jozi mwaka huu zimezaa mpaka matawi yamepiga magoti.

Wageni wa kulala tumepata msimu mzima. Wanakuja kwa ajili ya jumba letu hili la kale la Puy-Chabrol, kuta zake nene na vigae vyake vya mawe, lakini wanarudi kwa ajili yangu, hilo hata mama yako anakubali akiwa hajakasirika. Nimewaambia mfalme mmoja alilala chumba cha buluu akikimbia vita, akatuachia kifungo cha koti lake kama shukrani. Ninakitoa kwenye kisanduku, wanakishika kwa vidole viwili kama mkate wa padri. Juzi mama yako akaniita jikoni. "Marcellin, kile kifungo ni cha koti la marehemu mume wangu." Nikamwambia, "Dada, na yeye si alikuwa mfalme wako?" Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Sasa nije kwenye swali lako. Unauliza kama yule fundi wa mjini amekuja kusafisha dohani, zile njia za moshi, kabla ya baridi. Mpwa wangu, mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini kichwa changu kiliendelea chenyewe mpaka chuo kikuu. Fundi wa nini? Anakuja na brashi zake, anakohoa mara mbili, anaandika cheti, anakwenda zake. Dohani za Puy-Chabrol zilijengwa mwaka 1612, zina kona kama utumbo wa ng'ombe, brashi yake haifiki popote. Babu yetu alizisafisha kwa kuku. Unapanda paani, unamfunga kuku kamba miguuni, unamshusha kichwa chini. Kwa hofu yake anapiga mabawa huku na huku, na masizi ya mwaka mzima yanaporomoka.

Basi Jumamosi tarehe nane, mama yako akiwa sokoni, nikawakusanya wageni wote saba uani wanione. Nilipanda bila ngazi. Nilianza na dohani ya chumba cha buluu, maana ndiyo yenye kiburi kuliko zote. Watu wamekaa kimya kama kanisani. Baada ya muda kuku akatokea nje kwa mlango wa chini, mweusi kama koti la padri, akatembea katikati yao bila kumsalimia mtu. Bibi mmoja wa Nantes akampiga picha, akaituma, na sasa imebandikwa kwa Raymond mkahawani juu ya mashine ya kahawa. Na mayai aliyotaga wiki ile yalikuwa meusi, amini usiamini. Moja nimekutunzia.

Kwa hiyo lala usingizi. Nyumba yako iko kwenye mikono ya mwanamume.

Mjomba wako,
Marcellin Bourdarias


Houaïlou, Kaledonia Mpya, 9 Oktoba 1984

Kwa Mjomba Marcellin,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa, lakini niliisoma mara mbili kwa wauguzi wenzangu na tukacheka hadi daktari akaja kuuliza kuna nini. Mimi ni mzima. Zahanati ina wagonjwa wengi wa kifua. Huku watu wanazungumza habari za uchaguzi kwa sauti za chini, na wengine wanasema barabara zitafungwa mwezi ujao. Tutaona.

Mama ameniandikia. Anasema msimu umemchosha lakini anakusubiri kuchuma jozi. Anasema pia umemwambia mbweha amechukua kuku mmoja mwezi Septemba, yule mwenye kishungi, na ameumia kwa sababu alikuwa mtagaji.

Mjomba, habari ya kuku wako ni tamu, lakini mwite fundi. Nakuomba kwa heshima. Jiko la kupasha joto chumba cha buluu linapumua kwa dohani ile moja tu, na mama hulijaza kuni kwelikweli. Usipomwita kwa ajili ya cheti, mwite kwa ajili yangu.

Na uniambie kitu kimoja: ulimwona wewe mwenyewe akitoka chini, au ulikuwa bado paani?

Wako,
Josiane


Puy-Chabrol, 19 Novemba 1984

Kwako mpwa wangu Josiane,

Salamu. Mimi ni mzima. Mama yako ni mzima wa mwili. Paka wale wanne tumewagawa, mmoja amekwenda kwa meya. Raymond amebadilisha viti vya mkahawa, hivi vipya vinalia mtu akikaa. Jozi tumezitandaza darini, magunia kumi na saba. Baridi imewahi mwaka huu. Nguruwe tutamchinja Desemba Mungu akipenda.

Nimeianza barua hii mara tatu.

Unawakumbuka Bwana na Bibi Delattre wa Lille, wale wanaokuja kila sikukuu ya Watakatifu Wote kutazama misitu inavyogeuka rangi. Mwaka huu walifika kama kawaida, tukawapa chumba cha buluu kama kawaida. Bibi Delattre amefariki humo, asubuhi ya Jumamosi tarehe tatu. Mumewe alikutwa ukumbini amelala kifudifudi karibu na choo, yu hai. Mama yako ndiye aliyewakuta alipowapelekea kahawa. Hakupiga kelele. Nilisikia vikombe tu.

Daktari amesema ni hewa ya jiko. Watu wa gari la wagonjwa walimchukua Bwana Delattre, na amenusurika, ila mikono inatetemeka na anasahau maneno.

Askari walikuja saa nne. Walikagua jiko, wakakuta kile kibati kilicho ndani ya bomba, kile cha kuzungusha ili kufungua au kuziba njia ya moshi, kimefungwa. Mama yako ndiye aliyewasha jiko jioni ile, mimi nilikuwa zizini. Yule mkubwa wao akamwuliza, "Mama, kibati ulikifungua?"

Akasema, "Nakifungua siku zote."

"Jana ulikifungua?"

Akaitazama mikono yake. Akasema, "Kama mmekikuta kimefungwa, basi sikukifungua."

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yao, naye akatia saini. Nakueleza ili usiisikie kwa wengine. Usimwandikie maneno makali. Na mengine uliyouliza tutazungumza siku nyingine, sasa si wakati wake.

Mjomba wako,
Marcellin


Houaïlou, 12 Desemba 1984

Kwa Mjomba Marcellin,

Shikamoo. Barua yako imechukua zaidi ya wiki tatu kwa sababu barabara zimefungwa kwa magogo na magari yaliyochomwa, na posta inapita kwa mashua siku ikipata nafasi. Mimi ni mzima. Mimi ndiye muuguzi pekee niliyebaki upande huu, siwezi kutoka. Ningekuwa na mabawa ningekwisha kufika.

Nimepiga simu mara mbili nikipata laini. Mara zote umepokea wewe na umesema mama amelala. Mara ya kwanza kwenu ilikuwa saa sita mchana.

Mama ameniandikia mistari mitatu. Nakunukulia: "Nimemuua Bibi Delattre. Alikuwa ameniletea mbegu za maua kutoka bustani yake. Usinitumie zawadi ya Krismasi." Basi. Hakuweka hata jina lake.

Mjomba, mimi nimewahi kuwahudumia watu waliovuta hewa ile. Niambie mambo mawili. Jioni ile baada ya jiko kuwashwa, akina Delattre walikaa humo chumbani au walikwenda kulala moja kwa moja? Na kuna mtu yeyote aliyekohoa au kulalamika moshi?

Na bado hujanijibu la Oktoba.

Josiane


Puy-Chabrol, 14 Januari 1985

Kwako mpwa wangu Josiane,

Heri ya mwaka mpya, ingawa huku haujafanana na mpya. Baridi imeshuka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Bata wa meya wameganda bwawani, wamekatwa kwa shoka pamoja na barafu. Mvinyo wangu wa pishini niliukata kwa msumeno nikampelekea Raymond kipande mfukoni. Nilipomhadithia hilo mama yako, zamani angenirushia kitu. Safari hii alinitazama tu kama mtu anayesubiri basi.

Nitakuambia ukweli kuhusu hali yake kwa sababu wewe ni muuguzi. Hali chakula. Supu ninampikia mimi, ya kabichi na nyama ya nguruwe kama alivyonifundisha, anazungusha kijiko hadi ipoe kisha anampa mbwa. Nguo zinamning'inia. Kila asubuhi anapanda chumba cha buluu. Nilimfuata siku moja bila viatu. Amepiga goti mbele ya jiko, lile goti lake bovu, anazungusha kibati. Wazi, funga. Wazi, funga. Anasikiliza mlio wake. Nikamwambia, "Dada, shuka, kuna baridi." Akasema, "Ninataka mkono unikumbushe." Nikamwuliza umkumbushe nini. Akasema, "Jioni ile. Mkono wangu hauna kumbukumbu ya kukifunga."

Wageni wote wa Pasaka wameandika kuahirisha. Hilo si kitu.

Umeuliza mambo mawili. Akina Delattre walikaa humo tangu saa kumi na mbili jioni wakisoma, kisha wakashuka kula, wakarudi. Hakuna aliyelalamika moshi. Sijui linakusaidia nini.

Ninachokuomba, mwandikie mama yako. Mwambie ajali hutokea, hata kwa wanawake waangalifu. Wewe atakusikia. Nimemwambia mimi mara mia na haisaidii.

Mjomba wako,
Marcellin


Houaïlou, 8 Februari 1985

Kwa Mjomba Marcellin,

Shikamoo. Niko salama. Jana tulipokea watu watatu wenye majeraha ya risasi. Sitakusimulia.

Sitamwandikia mama kwamba ajali hutokea. Nitakuambia kwa nini.

Kibati kikifungwa, moshi unarudi chumbani dakika hiyo hiyo. Macho yanawasha, watu wanakohoa, wanafungua dirisha, wanaita. Wewe mwenyewe umeandika kwamba watu wawili walikaa humo saa nzima wakisoma vitabu. Kibati kilikuwa wazi, Mjomba. Mama alikifungua kama alivyokifungua kwa miaka thelathini. Hewa inayoua bila kumkohoza mtu hutokea pale jiko linapopumua nusu nusu, kuna kitu kimeziba njia huko juu na moto unazidi kufifia.

Tarehe nane Septemba ulishusha kuku ndani ya dohani ile. Mwezi huo huo mama alipoteza kuku mmoja, yule mwenye kishungi, ukamwambia ni mbweha. Nilikuuliza kama ulimwona akitoka. Nimekuuliza mara mbili. Wewe ambaye ukiulizwa saa unasimulia vita vizima, hapo hukuwa na neno.

Na swali la tatu sasa: kama kibati kilikuwa wazi jioni, nani alikifunga kabla askari hawajafika saa nne?

Sikuandikii ili nikutukane. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea na kuendesha trekta, nimekuita Mjomba kabla ya kujua kuita Baba. Lakini mama anajiua polepole kwa kosa lisilo lake, na mtu mmoja tu duniani anaweza kumwambia. Mwambie yeye kwanza. Kisha waambie askari.

Josiane


Puy-Chabrol, 3 Machi 1985

Josiane,

Mimi ni mdogo wake mama yako, si mtoto wako wa kumtia kizuizini. Umekaa upande wa pili wa dunia na vidonge vyako, unanipangia dohani. Kuku alitoka. Watu saba walimwona na picha ipo. Kamuulize Raymond. Kamuulize meya. Mbweha huchukua kuku kila mwaka tangu Adamu.

Halafu unataka nini? Nifungwe? Nani atapasua kuni, nani atambeba mama yako ngazini? Umefikiria hilo au huko Kaledonia hakuna ngazi?

Barua yako nimeitia motoni ili asiione.

Leo amekunywa kikombe cha maziwa. Chote.

Marcellin


Houaïlou, 30 Machi 1985

Mjomba,

Shikamoo.

Mama ameniandikia kwamba kesi yake itasikilizwa Ijumaa tarehe 24 Mei, na amemwambia wakili wake asimtetee. Atasimama na kusema ni yeye. Anasema baada ya hapo atapumzika. Najua maana ya neno hilo kwa mgonjwa asiyekula, na wewe unaijua pia.

Barua hii ikikufikia utabaki na siku kama thelathini na tano. Nami nimemwandikia mama leo, nimemweleza yote ninayoyafikiri. Ila mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo.

Josiane


Puy-Chabrol, 2 Juni 1985

Kwako mpwa wangu Josiane,

Salamu. Mama yako yu hai, anakula kidogo. Mimi nipo. Habari nyingine za nyumbani sina, nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Kamba ilikatika. Ilikuwa kamba ya magunia, nimeiokota zizini asubuhi ile kwa haraka ya kutaka kuonekana. Kuku alipofika kona ya pili akakwama, nikavuta, ikapanda peke yake. Nilimsikia humo ndani. Nikashuka kwa nyuma, nikawaambia wageni wangoje, nikakamata kuku mwingine bandani, nikampaka masizi ya jiko la chini kwa mikono yangu, nikamwachia mlangoni. Wakapiga makofi. Picha ya Raymond ni ya kuku huyo. Nilijiambia aliyekwama nitamtoa baadaye, kisha wageni wakaja wengine, kisha jozi zikaiva, kisha nikaanza kuiamini hadithi yangu mwenyewe. Ulipoandika Oktoba nimwite fundi, nilikwenda hadi kwenye simu. Niliona aibu ya yeye kumkuta kuku yule.

Asubuhi ile, wakati watu wa gari la wagonjwa wakimshusha Bwana Delattre na mama yako akimshika Bibi mkono uliokwisha kupoa, mimi nilikuwa nyuma yake chumba hicho hicho nafungua bomba. Alidhani nazima jiko. Nilichomeka fimbo ya ndoano, nikavuta, wakaanguka kuku na viota vya kunguru na masizi ndoo nzima. Nikatia vyote kwenye gunia la jozi, nikafukia kwenye lundo la samadi. Nikarudisha bomba. Kibati ni mimi niliyekifunga, si kwa kukusudia, mkono ulikigusa wakati wa kukaza. Askari walipomwuliza mama yako, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilidhani watasema ajali na kuondoka. Kisha akatia saini, na kila siku iliyopita baada ya hapo ikawa ngumu kuliko ya jana yake.

Barua yako ya Machi ilinifikia tarehe 17 Aprili. Nilikaa nayo mfukoni wiki tatu. Tarehe nane Mei nikamwambia.

Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, kwa mpango huo huo, sikuongeza hata chumvi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akaniambia, "Marcellin, kaa chini."

Nikakaa.

"Unakumbuka saa ya bibi?"

Nilimwambia hii haihusu saa. Akasema, "Niliivunja mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe saba. Ukasimama mbele ya baba ukasema ni wewe, uliipiga kwa mpira. Na hata mpira hukuwa nao. Akakuchapa mkanda, ukamwongezea kwamba uliivunja makusudi." Akaniwekea mkono wake shavuni, mkono wenye maji ya viazi. "Hujabadilika. Lakini safari hii siwezi kukubali, kuna mtu amekufa."

Nikamwambia, "Dada, naapa kwa mama."

"Uliapa kwa mama kwamba mfalme alilala hapa."

Barua yako ilikuwa imekwisha kumfikia. Ameisoma, ameikunja, ameiweka kwenye kitabu chake cha sala. Akasema, "Umemwingiza hadi Josiane wa watu. Maskini, mnanipenda." Na akala, mpwa wangu. Usiku ule alikula sahani nzima, mara ya kwanza tangu Novemba, kwa sababu alidhani nimetunga hadithi ile kwa ajili yake.

Kesho yake nikaenda kwa askari. Nilikuwa nimefukua lile gunia, lakini kilichobaki ni mifupa na manyoya machache, na kila lundo la samadi huku lina mifupa ya kuku. Niliimwaga juu ya meza ya yule mkubwa wao. Akaitazama, akanitazama. Akasema, "Bwana Bourdarias, picha ya kuku wako nimeiona kila asubuhi kwa miezi minane nikinywa kahawa. Wageni saba wapo, naweza kuwapigia simu sasa hivi. Na mwaka juzi uliniambia umemwua nguruwe mwitu kwa kofia." Nikamwambia andika. Akaandika, sitamsingizia, aliandika kila neno nikatia saini. Kisha akafunga kalamu akasema kwa upole, "Nina dada pia. Nami ningejaribu."

Tarehe 24 nilivaa suti. Mama yako alisimama mbele ya jaji, amekonda hadi kola inamzunguka, akasema ni yeye. Nikaomba kusema. Jaji alikuwa amesoma karatasi yangu, akaniruhusu. Nilisema polepole, Josiane, kwa sauti ya kawaida, mimi ambaye sijawahi kusema kitu kwa sauti ya kawaida. Niliona watu wakitabasamu kwenye viti. Si kwa dharau, ningejua la kufanya na dharau. Bibi mmoja alikuwa anafuta machozi. Wakili wa mama yako, ambaye alikatazwa kutetea, akainuka na kusema mahakama itazame jinsi familia hii inavyopendana. Jaji akanishukuru. Akampa mama yako miezi sita ambayo hataitumikia gerezani, na asipokee tena wageni maisha yake yote. Bango la Puy-Chabrol nimeling'oa jana.

Nje, Bwana Delattre alitungoja kwenye ngazi na fimbo yake. Ilimchukua muda kupata maneno. Akamshika mama yako mikono yote miwili, akamwambia, "Bi Angèle, mke wangu alikupenda. Nami nimekusamehe." Mama yako alilia kama mtu aliyetuliwa gunia. Anasema sasa anaweza kulala, na ni kweli, analala. Mimi nilisimama nyuma nimeshika mkoba wake.

Nikamfuata yule mzee hadi kwenye gari. Nikamwambia, "Bwana, nilichosema ndani ni kweli tupu. Ni mimi." Akanipiga begani kwa ule mkono unaotetemeka. Akasema, "Najua, najua. Mimi sikujaliwa ndugu."

Njoo, barabara zikifunguliwa. Wewe unanisadiki, ni wewe peke yako, na sijui nitafanya nini na mtu mmoja. Au usije. Nimewaza pia kwamba ukija na akakusadiki wewe, atapoteza ule usingizi alioupata, na atakuwa hana mimi tena. Sijui lipi ni langu kuliomba. Mwaka jana ningekupa jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Jana niliingia kwa Raymond. Meya akanyanyuka kunipisha kiti. Raymond akanimiminia kikombe cha mvinyo mzuri, ule wa chini ya kaunta, akasema mbele ya watu wote kwamba ameishi miaka sitini na hajaona mwanamume kama mimi, na wakagonga meza kwa ngumi kwa heshima yangu. Maisha yangu yote nimetaka kuingia mkahawani nikapokewa hivyo.

Niliwaambia tena kwamba ni kweli. Wakagonga meza zaidi.

Kile kikombe nilikinywa, Josiane. Nilikinywa hadi chini.

Mjomba wako,
Marcellin